Mbavu za Balsa: Siku Moja katika Soko la Ndege Ndogo

Mwaka 1878, katika jimbo la Iowa huko Marekani, askofu mmoja aitwaye Milton Wright alirudi nyumbani kutoka safarini akiwa ameficha kitu viganjani. Wanawe wadogo, Wilbur wa miaka 11 na Orville wa miaka 7, walipomkaribia hakuwakabidhi. Alikiachia hewani, nacho kikapaa hadi darini, kikapapatika huko kwa muda, kisha kikashuka sakafuni. Kilikuwa kichezeo cha mwanzi, kizibo na karatasi, kikiendeshwa kwa mpira uliosokotwa, kwa mtindo aliouanzisha Mfaransa Alphonse Pénaud. Watoto wale walikiita popo. Hakikudumu, kwani vichezeo vyepesi havidumu mikononi mwa watoto, lakini baadaye wakaunda vingine wenyewe, na wakastaajabu kuona kwamba kila walivyokikuza ndivyo kilivyozidi kushindwa kuruka. Suala hilo hawakuliacha. Tarehe 17 Desemba 1903, juu ya mchanga wa pwani ya North Carolina, Orville aliruka kwa sekunde 12, akaenda masafa ya mita zipatazo 36, na chombo kile kikawa mama wa eropleni zote tuzijuazo leo.

Tumetanguliza kisa hiki ili msomaji asitushangae, sisi watu wa kanzu na kofia, tunapomwarifu kwamba Aprili ya 2018 tulishinda kutwa nzima katika maonyesho ya ndege za mfano. Si ndege za kupanda. Ni ndege zinazoundwa kwa mikono, nyingine ndogo kama kozi, nyingine zenye mabawa mapana kuliko kitanda cha besera, ambazo mwenyewe husimama chini na rimoti yake akiziendesha zikizunguka juu.

Safari yetu haikukusudiwa kwa ajili hiyo. Tulialikwa Ohio na mtoto wa ndugu yetu, muuguzi aliyehama Mombasa miaka 14 iliyopita, ambaye sasa anaishi na mkewe na mwanawe wa miaka 10 kandokando ya mji wa Toledo. Tulifika katika mwezi wa Rajabu, baridi ingali kali na miti haijachipua. Mji huo umepewa jina la Toledo ya Uhispania, ile ambayo vitabu vyetu vya tarehe huiita Tulaytula, na Waislamu wamekuwa wakiishi hapo kwa vizazi kadhaa, wa mwanzo wao wakiwa wahamiaji kutoka Sham. Mwenye kupita barabara kuu ya I-75 upande wa Perrysburg huuona msikiti wao, wenye kuba na minara miwili, umesimama penye uwanda wa mashamba tangu ulipofunguliwa mwaka 1983. Tulizoea kudhani kwamba hilo ndilo tutakaloliandika tukirudi. Lakini Jumamosi moja yule mtoto alimng'ang'ania babake ampeleke mjini kwenye maonyesho, na babake, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku na macho mekundu, akatugeukia akasema, "Ami, twende basi. Nikibaki nyumbani nitalala, naye hatanisamehe."

Maonyesho yenyewe yaliandaliwa na klabu ya wapenzi wa ndege za rimoti iitwayo Weak Signals, jina la kujikejeli wenyewe, maana yake ni mawimbi dhaifu. Yalianza mwaka 1955, na kwa wenye uraibu huu Toledo ilikuwa kama Lamu wakati wa Maulidi: watu walisafiri kutoka majimbo ya mbali, wakaamkiana kwa majina, wakaulizana nani amefariki tangu mwaka uliotangulia. Yalifanyika katika ukumbi mkubwa wa SeaGate, karibu na mto Maumee. Upande mmoja walikuwapo wenye makampuni na vibanda vyao vya kumeremeta. Upande wa pili meza za mashindano, ambapo ndege hazirushwi bali huhukumiwa kwa uzuri wa kazi. Na kulikuwa na soko la vitu vilivyotumika, ambalo ndilo lililotushika.

Kwenye meza za mashindano hatukukaa sana, ingawa palistahili. Tuliona ndege ya mabawa mawili, ya zama za Vita Vikuu vya Kwanza, nyaya za kukazia mabawa zikiwa nyembamba kama uzi wa kushonea kofia, na kiti cha rubani kimewambwa ngozi. Mwenyewe alitwambia imemchukua majira manne ya baridi. Tulipomuuliza kama ataithubutisha kuirusha, alitutazama kama mtu aliyeulizwa kama atampeleka mwanawe shule. "Imeundwa iruke," akasema.

Siri ya yote hayo ni mti. Balsa ni mti wa Amerika ya joto, na sehemu kubwa ya mbao zake zinazouzwa duniani hutoka Ecuador. Hukua upesi mno, na kabla ya kutimiza miaka 10 huwa tayari kukatwa. Tulipewa ubao wake tuushike, wenye urefu wa mkono kuanzia kiwiko, na kweli tulihisi kama tumeshika mkate mkavu. Mafundi wetu wa majahazi, waliozoea mtiki na mbambakofi, wangeucheka. Na hata hivyo kazi ni ile ile. Ndege ya balsa ina mbavu kama jahazi, zinapangwa moja moja juu ya mchoro uliotandazwa kwenye ubao ulionyooka, zinashikizwa kwa pini, zinatiwa gundi, kisha zinaunganishwa kwa vijiti virefu kutoka shina la bawa hadi ncha. Baada ya hapo ndipo hufunikwa kwa utando mwembamba unaokazwa kwa pasi. Atakayeona ndege iliyokwisha kufunikwa haoni mbavu, na pengine hajui kuwa zimo.

Kuhusu namna ya kuziendesha, tulipata maelezo mengi kuliko tuliyoweza kuyahifadhi. Ndugu wawili mapacha wa Kalamazoo, Michigan, Walter na William Good, walirusha ndege yao iitwayo Guff kwa mawimbi ya redio mwaka 1937, na sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Kwa miaka mingi baadaye warushaji waligawana mikondo michache ya redio, na wawili wakiwasha rimoti za mkondo mmoja kwa wakati mmoja, ndege moja huanguka, pengine zote mbili. Kwa hivyo kila uwanja ulikuwa na ubao wa vibanio vya nguo vilivyoandikwa nambari. Asiyeshika kibanio hana ruhusa ya kuwasha. Rimoti za siku hizi, za gigahazi 2.4, hujitafutia nafasi zenyewe, na ule ubao umekuwa kumbukumbu. Injini nazo zimebadilika. Zile za zamani zilikunywa mchanganyiko wa methanoli na mafuta ya mbarika, na wazee wanasema harufu ile ndiyo waliyoipenda kuliko kelele. Leo wengi hutumia mota za umeme na betri za lithiamu.

Palikuwa na mazungumzo mengine ya chini kwa chini ukumbini. Januari ya mwaka ule kampuni ya Hobbico ya Champaign, Illinois, iliyokuwa kubwa katika biashara hii, ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wanaoidai, na majina mashuhuri ya ndege za kujiundia yalikuwa chini ya mwavuli wake. Sababu si moja, na sisi si wafanyabiashara wa kuzieleza. Lakini kila tuliyemsikiliza alirejea jambo moja: vijana hununua ndege ya povu iliyokwisha kuundwa kiwandani, wanaitia betri jioni hiyo hiyo, na inapovunjika wananunua nyingine au wanaacha. Anayekaa na kisu na gundi amebaki yule mwenye mvi.

Tulivuka basi tukaingia sokoni. Msomaji asidhani ni soko la mapambo. Lilifanana zaidi na upande wa mitumba wa Kongowea, ila bila kelele: meza ndefu zilizosongamana, makasha yaliyojaa rafadha za kila ukubwa, magurudumu, rimoti zenye mikonga, injini zilizofungwa katika soksi kuukuu, mabawa yasiyo na kiwiliwili na viwiliwili visivyo na mabawa. Wengine walibadilishana mali kwa mali bila ya fedha. Jambo lililotupendeza ni kwamba muuzaji hueleza aibu ya bidhaa kabla hajaulizwa. "Hii ilianguka Septemba, bawa la kushoto limeungwa hapa, pitisha kidole utahisi." Wanafunzi wetu walioketi darasani kusoma mlango wa mauzo wanajua uzito wa tabia hiyo, na wanajua pia jinsi ilivyo adimu katika baadhi ya maduka yetu.

Mtoto wetu, kwa upande wake, alikuwa ameshachagua. Alisimama mbele ya kibanda kimoja ambapo ndege ya povu nyekundu, pamoja na rimoti yake, iliuzwa dola 150. Babake alisema hapana. Akasema siku ya kwanza itaruka, siku ya pili itakaa juu ya mti, na siku ya tatu ataombwa nyingine. Mtoto hakulia wala hakubisha. Alinyamaza tu, na kunyamaza kule kulikuwa na mazoea ndani yake, jambo lililotusumbua.

Ndipo tukafika meza ya mzee mmoja wa miaka 81, aliyefanya kazi umri wake wote katika kiwanda cha vioo, maana Toledo ni mji wa vioo. Alikuwa na ndege sita, kila moja imebandikwa karatasi ya bei, na chini ya meza kasha moja refu lisilo na bei. Mtoto akauliza ni nini. Mzee alilitoa polepole, na tukaiona mikono yake ikitetemeka kwa namna ambayo si ya baridi. Ndani mlikuwa na ndege ya mwanafunzi iitwayo Kadet, ya kampuni ya SIG ya Montezuma, Iowa. Kiwiliwili kilikuwa tayari, mkia tayari, vyote vimesuguliwa vikawa laini kama ganda la yai. Mabawa hayakuundwa. Mbavu zake zilikuwa zimekatwa, zimetiwa nambari kwa kalamu ya risasi, zimefungwa kwa uzi mafungu mawili, la kulia na la kushoto.

Alituonyesha kwanza mkia, akasema mkia ndio unaomzuia anayeanza asiue ndege yake, kwa kuwa ndio unaoirudisha sawa pua inapoinuka mno au kuinama mno. Tulimsimulia nasi habari za Abbas bin Firnas wa Kurtuba, wa karne ya 9, ambaye al-Maqqari ameandika kwamba alijivika manyoya akapaa, kisha akaumia mgongo aliposhuka kwa kuwa hakujifanyia mkia. Mzee alicheka hadi akakohoa. Alisema katika klabu yao wako wengi wa namna ile.

Akaendelea kutwambia kwamba aliianza ndege ile zamani kwa ajili ya mwanawe, na mwanawe akakua kabla haijaisha. Hakueleza zaidi. Alipostaafu alidhani ataimaliza, na sasa mikono haishiki pini. Alimtaja Maynard Hill, Mmarekani aliyekuwa karibu kipofu kabisa alipounda ndege ya balsa yenye uzito usiozidi kilo 5, ikaruka Agosti ya 2003 kutoka Newfoundland, Canada, hadi Ireland, kilomita zaidi ya 3,000 kwa muda wa karibu saa 39. "Yule macho yalimkimbia, mikono ikabaki," akasema mzee. "Mimi yamenibaki macho." Kisha akatwambia kwamba asubuhi ile mtu mmoja alimpa dola 60 kwa lile kasha, naye akakataa, kwa sababu aliona wazi kwamba linakwenda kuuzwa tena kwa wakusanyaji, libaki kasha milele. Yeye alimtafuta wa kulifungua.

"Nani ataiunda?" akamuuliza mtoto.

"Mimi," akajibu mtoto, kisha akaongeza kwa unyofu wa watoto ambao hauna hila, "lakini sijui. Na Baba hulala."

Tunamjua yule kijana wetu tangu akibebwa mgongoni, na tunajua kwamba halali kwa uvivu. Anafanya kazi usiku ili alipie nyumba, ampeleke mtoto skuli, na kila mwezi atume fedha Mombasa kwa mamake na dada zake wawili, ambazo sisi wenyewe tumepata kuzipokea na kuzigawa. Sisi tulio huku tunazihesabu fedha hizo zinapofika. Hatukuwahi kujiuliza zinatolewa katika saa za nani. Alisimama pale mkono mmoja juu ya kasha, hatamtazama mwanawe wala hatutazami sisi. Mzee naye hakumharakisha. Alichukua kitambaa akaanza kufuta vumbi kwenye bawa la ndege nyingine ambalo halikuwa na vumbi.

"Jumapili," akasema hatimaye. "Kila Jumapili, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Kabla sijalala."

"Saa mbili kamili?" akauliza mtoto.

"Saa mbili kamili."

Mzee alichukua dola 20, akakataa kuongezwa, akatia sharti moja: atumiwe picha ya mabawa kabla hayajafunikwa, kwani yakishafunikwa hataona kitu. Mwanafunzi wa fiqhi aliyemo ndani yetu alianza kujiuliza juu ya hukumu ya uuzaji wenye sharti, tukamnyamazisha. Akawaandikia nambari yake ya simu juu ya kifuniko cha kasha, na chini yake akaandika maagizo matatu. Ubao wa kujengea uwe umenyooka kweli, si wa kudhania. Gundi iwe kidogo. Na bawa lisitolewe ubaoni mpaka limekauka kabisa, hata kama mtoto ataomba.

Kwa wazazi watakaotuuliza, maana tunajua wataulizia, vifaa hivi si rahisi kuvipata Mombasa, na ndege za rimoti, ziwe za balsa au za povu, zina sheria zake. Marekani mwenye chombo cha zaidi ya gramu 250 hujiandikisha kwa mamlaka ya anga. Hapa kwetu mtu aulize KCAA kabla ya kununua, hasa sisi tunaokaa karibu na uwanja wa ndege. Lakini ndege ya mpira uliosokotwa, kama ile ya Pénaud, haihitaji kibali cha yeyote. Inahitaji vijiti vyepesi, karatasi nyembamba ya tiara, gundi, na mtu mzima wa kukaa nayo chini. Watoto wetu wanaounda vijahazi vya kuelea na magari ya waya wana mikono inayotosha kabisa.

Wiki iliyopita tulipokea picha kwenye simu. Meza ya chakula imeondolewa kitambaa, mchoro umetandazwa, na juu yake bawa la kulia limekamilika, mbavu zote zimesimama kwa nambari zake. Pembeni yake liko la kushoto, nalo ncha yake imejikunja juu kama ukurasa ulioloa. Chini ya picha mtoto ameandika kwa Kiswahili chake cha Ohio: "Babu, tulitoa mapema. Mimi niliomba. Baba anasema tutavunja tuanze tena."

Jioni yake ulifuata ujumbe mwingine. Picha ile walimtumia pia yule mzee kama walivyoahidi, naye akawapigia simu palepale. Amewakataza kulivunja. Amesema wachemshe birika, bawa lishikwe juu ya mvuke, mmoja ashike shina na mwingine ncha, walipinde taratibu kuelekea upande wa pili, na walishikilie hivyo hivyo mpaka lipoe, bila mmoja wao kuachia. Inahitaji mikono minne, amesema. Watalijaribu Jumapili hii, saa mbili.